Dian Fossey: Aliwakataa watalii, leo kaburi lake ni kivutio chao

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyesimama kando ya barabara ya udongo ya Busasamana, wilayani Rubavu, huiona Karisimbi yote, kuanzia mashamba ya viazi yaliyo miguuni pake hadi kileleni, mita 4,507 juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya mpaka, ndani ya Kongo, husimama Mikeno yenye ncha kali, na upande wa magharibi Nyiragongo hufuka moshi. Kitu kimoja tu hakionekani kutoka hapo. Nyuma ya Karisimbi, pale mteremko wake unapokutana na ule wa Bisoke, kuna uwanda mdogo wenye miti mikubwa iliyojaa kuvumwani, na chini ya miti hiyo kuna kaburi la Dian Fossey, mtafiti wa sokwe wa milimani aliyezikwa hapo tarehe 31 Desemba 1985.

Kaburi hilo limo katika orodha ya matembezi yanayouzwa kwa wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Wageni hukusanyika Kinigi mapema asubuhi, huandikishwa, hupewa mwongozaji, kisha husafirishwa hadi chini ya Bisoke ambako safari ya miguu huanza. Mtu anayetoka Rubavu hulazimika kuzunguka kwa barabara ya lami hadi Musanze, mwendo wa kilomita zipatazo 60, ili afike upande wa pili wa mlima anaouona kila siku nyumbani kwake.

Kutembelea makaburi kwa kulipa kiingilio si jambo geni duniani. Huko London, makaburi ya Highgate, yaliyofunguliwa mwaka 1839 Malkia Victoria akiwa kijana kwenye kiti cha enzi, hupokea wageni wanaokuja kuiona sanamu ya kichwa cha Karl Marx juu ya kaburi lake. Lakini Marx hakuwahi kugombana na watalii. Fossey aligombana nao karibu maisha yake yote ya Rwanda, aligombana na waliowaleta, na hata urafiki na watafiti wenzake ulivunjika kwa sababu hiyo. Ndiyo maana safari ya kwenda kaburini kwake ina uzito ambao mgeni asiyejua historia hawezi kuuhisi.

Kutoka California hadi Kabara

Dian Fossey alizaliwa San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, tarehe 16 Januari 1932. Wazazi wake walitengana angali mtoto mdogo, na mama yake akaolewa na mjenzi mmoja tajiri aliyeitwa Richard Price. Malezi katika nyumba ya baba huyo wa kambo yalikuwa makavu, na baadhi ya walioandika maisha yake wanaona kwamba upendo wake kwa wanyama ulianzia katika upweke huo. Alitaka kuwa daktari wa mifugo, lakini fizikia na kemia zilimshinda chuoni. Akageukia tiba ya vitendo, fani ya kuwasaidia wagonjwa na walemavu kuyarudia maisha ya kila siku, akahitimu San Jose mwaka 1954. Baada ya hapo alikwenda Louisville, Kentucky, kufanya kazi katika hospitali ya watoto wenye ulemavu.

Miaka hiyo ya hospitali haitajwi sana, na ni kosa kuipita haraka. Ndipo alipojifunza kukaa saa nyingi na kiumbe asiyeweza kusema anachohisi, kuyafuata macho na mikono yake, na kungoja hadi mwenyewe aamue kusogea. Ujuzi huo ndio alioupeleka msituni. Hakuwa na shahada ya elimu ya wanyama alipoanza.

Mwaka 1963 alikopa fedha kiasi cha mshahara wake wa mwaka mzima, akaja Afrika Mashariki kutalii. Naam, mara ya kwanza alikuja kama mtalii. Alipita Kenya na Tanganyika, na huko bonde la Olduvai alimkuta Louis Leakey, mtafiti mashuhuri wa chimbuko la binadamu, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa amemtuma Jane Goodall kwenda Gombe kuwachunguza sokwe mtu. Fossey aliteleza akaumia kifundo cha mguu siku hiyo hiyo. Wiki chache baadaye, mguu ukiwa bado unauma, alipanda Mikeno hadi Kabara, uwanda ulio kati ya mlima huo na Karisimbi, kwa upande wa Kongo. Huko aliwakuta Joan na Alan Root, wapiga picha kutoka Kenya, nao wakampeleka kuwaona sokwe wa milimani, wale ambao Wanyarwanda huwaita ingagi.

Kabara palikuwa tayari na kaburi. Mmarekani Carl Akeley, aliyemshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji aanzishe hifadhi ya kuwalinda sokwe hao, alifariki hapo Novemba 1926 na kuzikwa papo hapo. Hifadhi aliyoipigania ilikuwa ya mwanzo kabisa ya taifa barani Afrika, na iliitwa kwa jina la mfalme huyo. Fossey alipopiga hema miaka minne baadaye, alilipiga karibu na kaburi hilo.

Kurudi kwake kulitokana na Leakey. Mwaka 1966 mzee huyo alipita Louisville kutoa mhadhara, akamkumbuka yule mwanamke aliyeteleza Olduvai, akamwambia kwamba anatafuta mtu wa kuishi na sokwe wa milimani kwa miaka mingi. Alimshauri pia akatolewe kidole tumbo kabla ya safari, kwa kuwa milimani hakuna hospitali. Fossey alikwenda akapasuliwa. Baadaye Leakey alimwandikia kwamba halikuwa sharti, alitaka tu kupima azma yake.

Januari 1967 alianza kazi Kabara, akisaidiwa na Sanwekwe, mfuatiliaji nyayo hodari wa Kongo aliyewahi kufanya kazi na watafiti waliomtangulia. Miezi sita tu ikapita. Julai mwaka huo mamluki waliasi mashariki mwa Kongo, na askari wa serikali wakapanda mlimani kumteremsha. Alizuiliwa Rumangabo kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha akawahadaa walinzi wake hadi wakamsindikiza mpaka wa Uganda, naye akakimbilia katika hoteli ya Kisoro ya Mjerumani Walter Baumgärtel. Hakurudi tena Kabara kuishi.

Mugongo, kisha Karisoke

Hapa ndipo maisha yake yanapoingia Gisenyi. Kwenye mteremko wa Karisimbi, mahali paitwapo Mugongo, aliishi Mmarekani mwingine, Rosamond Carr, aliyekuja Kongo mwaka 1949 pamoja na mumewe na ambaye, baada ya ndoa kuvunjika, alibaki peke yake akilima pareto na maua. Fossey alitaka kuanza upya kutokea shambani kwa Carr. Mwenyeji wake alimweleza kwamba upande ule wa mlima hauna sokwe. Mgeni hakusadiki. Akapiga kambi, akazunguka msituni, akakuta ng'ombe, mitego na majangili, na sokwe hakuwaona.

Kutofautiana huko kwa siku za kwanza kuligeuka urafiki wa miaka 18. Carr alikuwa mpole, mpenda wageni, mwenye bustani ya waridi iliyojulikana hadi Kigali. Fossey alikuwa mrefu kupita kiasi, mwenye sauti kali, mvutaji sigara asiyekoma, mwepesi wa hasira. Walipatana kwa namna ambayo watu wengi waliowafahamu hawakuielewa. Kila mlima ulipomlemea, Fossey aliteremka Mugongo.

Mbelgiji Alyette de Munck, aliyekuwa ametoka kumpoteza mwanawe na mpwa wake katika machafuko yale yale ya Kongo, ndiye aliyemsaidia kupata mahali pafaapo. Tarehe 24 Septemba 1967, kwenye uwanda wa kiasi cha mita 3,000 juu ya bahari, Fossey alisimika mahema mawili. Akachukua mwanzo wa jina la Karisimbi na mwisho wa jina la Bisoke, akapaita Karisoke.

Wanavijiji walimpa jina pia, Nyiramacibiri, ambalo yeye mwenyewe alilieleza kuwa ni mwanamke aishiye peke yake mlimani. Kwa wafanyakazi wake alisema Kiswahili alichokiokota Kongo, kisicho fasaha lakini kinachotosha kuamrisha, kukaripia na kutania. Lugha hiyo iliacha alama katika daftari zake. Miongoni mwa sokwe aliowapa majina alikuwamo Rafiki, dume mzee mwenye mgongo wa fedha. Alikuwamo Macho, jike mwenye macho makubwa ajabu. Na mwana wa Macho akaitwa Kweli. Majina hayo yaliingia katika maandiko ya sayansi duniani kote miongo mingi kabla Kiswahili hakijawa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Alitambaa kwenye matope, akajifanya kutafuna majani, akaiga sauti ya kuridhika ambayo sokwe huitoa wanapokula. Kila mmoja alimtambua kwa mikunjo ya pua, ambayo hutofautiana kama alama za vidole vya binadamu. Mwaka 1970 dume mmoja kijana aliyeitwa Peanuts alinyoosha mkono akaugusa wa kwake. Mpiga picha Bob Campbell kutoka Kenya alikuwapo, na picha zake katika jarida la National Geographic ziliibadili sura ya mnyama aliyekuwa akichorwa kwenye filamu kama zimwi la kuteka wanawake. Fossey alikwenda Cambridge, Uingereza, akapata shahada ya uzamivu. Kidogo kidogo yule mtaalamu wa tiba ya vitendo akawa ndiye mtu ajuaye zaidi habari za sokwe wa milimani.

Lakini msitu wenyewe ulikuwa ukipungua mbele ya macho yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, karibu hekta 10,000 za hifadhi upande wa Rwanda zilikatwa zikagawiwa kwa kilimo cha pareto kwa ajili ya soko la Ulaya. Viazi vinavyoonekana leo kutoka njia ya kaburini vinaota mahali ambapo sokwe walikuwa wakila. Idadi yao katika milima yote ya Virunga, iliyokadiriwa kuwa 450 hivi mwaka 1960, ilishuka hadi karibu 250 mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Digit

Mwaka 1969 watoto wawili wa sokwe, Coco na Pucker, walikamatwa kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Cologne, Ujerumani. Sokwe hupigana hadi kufa wakitetea watoto wao, na watu wazima kadhaa wa makundi hayo mawili waliuawa. Watoto walifikishwa kwa Fossey wakiwa taabani. Aliwalaza ndani ya kibanda chake, akawanyonyesha kwa chupa, wakapona, wakachukuliwa. Wote wawili walifia Cologne mwaka 1978.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa Digit, dume aliyempa jina hilo kwa sababu ya kidole chake kilichopinda. Alimjua tangu akiwa mdogo. Digit alizoea kumsogelea, kunusa daftari lake na glavu zake, kisha kujilaza karibu naye. Picha yake ilipendeza kiasi kwamba ofisi ya utalii ya Rwanda iliichapa kwenye bango kubwa la kuwakaribisha wageni nchini, na bango hilo likabandikwa katika mahoteli na mahali pengine pengi. Fossey alikiri kwamba alipoliona kwa mara ya kwanza alihisi faragha yao imevamiwa.

Tarehe 31 Desemba 1977 majangili wenye mbwa walilikuta kundi la Digit. Alibaki nyuma kuwazuia ili wenzake wakimbie, na alichomwa mikuki mitano. Mwili wake, uliokutwa na mwanafunzi Mwingereza Ian Redmond baada ya siku mbili, haukuwa na kichwa wala mikono. Wapagazi waliubeba hadi Karisoke, ukazikwa mbele ya kibanda cha Fossey. Habari hiyo ilifika hadi kwenye taarifa ya jioni ya televisheni ya CBS, ikasomwa na Walter Cronkite, mtangazaji ambaye Wamarekani wa wakati huo walimwamini pengine kuliko rais wao. Katika mwaka huo wa 1978 Fossey alianzisha mfuko wa fedha kwa jina la Digit. Miezi saba baada ya mauaji ya kwanza, majangili walirudi katika kundi lile lile. Walimuua Uncle Bert, kiongozi wa kundi, na Macho pia. Kweli, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu hivi, alijeruhiwa kwa risasi akafa baada ya miezi mitatu.

Makaburi yakaongezeka uani kwake. Kila kaburi liliwekewa kibao cha mbao chenye jina. Hivyo ndivyo eneo linalotembelewa leo lilivyoanza.

Ugomvi na majirani, ugomvi na watalii

Baada ya Digit, Fossey alibadilika, na si wote waliompenda waliweza kuyatetea aliyoyafanya. Doria zake zilikata mitego kwa maelfu, jambo ambalo hakuna wa kulilaumu, kwani mitego ya kamba na nyaya iliyotegewa pongo na paa ilikata pia mikono na miguu ya sokwe. Lakini waandishi wa maisha yake na baadhi ya wanafunzi wake wameeleza mengine. Aliwachapa majangili waliokamatwa kwa majani ya igisura. Alichoma mali zao. Alipiga risasi ng'ombe walioingizwa hifadhini. Alivaa vinyago ili wamdhanie mchawi, na safari moja alimzuilia mtoto wa jangili. Kwa familia maskini zilizouona msitu kuwa malisho na ghala la nyama tangu enzi za mababu, na ambazo ardhi yao ilikuwa ikizidi kubana, huyo hakuwa mlinzi wa mazingira. Alikuwa mgeni mwenye bunduki. Historia ya Fossey inayosimuliwa kwenye filamu huupunguza upande huu, na haistahili kupunguzwa.

Ugomvi wake mwingine ulikuwa wa fikra. Watafiti wawili Wamarekani, mume na mke, Bill Weber na Amy Vedder, walifika Karisoke mwaka 1978. Waliwahesabu sokwe, lakini pia walikwenda vijijini kuwauliza wakulima wanaupata faida gani msitu. Wakati huo palikuwa na mpango wa kukata hekta nyingine maelfu kwa ajili ya ufugaji. Weber na Vedder waliona kwamba msitu usioingiza chochote utalimwa, na kwamba njia ya kuuokoa ni kuwaleta wageni wachache, wanaolipa, wanaokaa na sokwe kwa saa moja tu. Mpango wao ulianza mwaka 1979.

Fossey aliupinga kwa nguvu zake zote. Alihofia kwamba wageni wangewaletea sokwe mafua na homa za kifua, magonjwa ambayo miili yao haiyawezi. Alihofia pia kwamba sokwe aliyezoea kila binadamu atamzoea na jangili. Na bila shaka palikuwa na wivu wa mtu aliyekaa peke yake na marafiki zake kwa miaka mingi, kisha akaona foleni inaundwa mlangoni. Kuna habari kwamba alifyatua risasi hewani kuwafukuza watalii waliosogea kambini kwake.

Miaka 40 imeonyesha kwamba juu ya fedha, alikosea. Hesabu iliyofanywa mwaka 2015 na 2016 iliwakuta sokwe 604 katika Virunga, na pamoja na wale wa Bwindi, Uganda, idadi yote imepita 1,000. Kibali cha kuwaona Rwanda kilipandishwa hadi dola 1,500 mwaka 2017, na mwaka huo huo sehemu ya mapato ya hifadhi inayorudishwa kwa jamii zinazozizunguka iliongezwa kutoka asilimia 5 hadi 10. Rubavu ni moja ya wilaya nne zinazopakana na Hifadhi ya Volkano. Shule, vituo vya afya na matangi ya maji yamejengwa kwa fedha hizo, ingawa mkulima ambaye nyati ameruka ukuta wa mawe na kulala katika viazi vyake usiku bado ana neno la kusema.

Juu ya magonjwa, hata hivyo, alikuwa na haki. Sheria za leo zimeandikwa kana kwamba yeye ndiye aliyeshika kalamu: wageni wasizidi 8 kwa kila kundi, saa moja tu kwa siku, kusogea karibu ni marufuku, anayekohoa hapandi, na tangu janga la korona barakoa ni lazima.

Kifo

Mwaka 1980 alikwenda Marekani kufundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell na kumalizia kitabu chake, Gorillas in the Mist, kilichotoka mwaka 1983 na kuuzwa duniani kote. Aliporudi Karisoke mapafu yalikuwa yamechoka. Ilimbidi atumie hewa ya oksijeni ya mtungi, na siku nyingi hakuweza kuwafikia sokwe, akawa anaishi kwa kusomewa ripoti na wafuatiliaji nyayo. Viza yake ilikuwa ikitolewa kwa muda mfupi mfupi. Desemba 1985, hatimaye, alipewa ya miaka miwili.

Hakuitumia. Usiku wa tarehe 26 Desemba mtu aliingia katika kibanda chake cha mabati na kumkata kichwani kwa panga. Wafanyakazi walimkuta asubuhi ya tarehe 27, wiki tatu kabla hajatimiza miaka 54. Fedha, hati ya kusafiria na vitu vya thamani vilikuwapo, kwa hiyo wizi haukuwa sababu. Mfuatiliaji nyayo wa zamani aliyekamatwa alikufa akiwa mahabusu. Mtafiti mmoja Mmarekani aliyekuwa kambini alirudi kwao, kisha mahakama ya Rwanda ikamhukumu kifo mwaka 1986 bila yeye kuwapo. Alikana, naye hakurejeshwa. Watu wengi waliofuatilia kesi hiyo hawakuridhika, na swali la nani alimuua Nyiramacibiri halijafungwa.

Alizikwa tarehe 31 Desemba, miaka minane kamili tangu kufa kwa Digit, pembeni ya Digit. Mchungaji Elton Wallace wa Kanisa la Waadventista aliongoza mazishi. Rosamond Carr, akiwa na umri wa miaka 73, alipanda mlima wote kwa miguu kumzika rafiki yake. Wosia ambao Fossey alitaka uiachie mali yake yote ile kazi ya kuwalinda sokwe haukuwa na saini, na mahakama ya New York ikaupa ushindi upande wa mama yake.

Kaburi leo

Miaka iliyofuata haikuihurumia Karisoke. Vita, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, kisha mashambulizi ya waasi kaskazini magharibi mwishoni mwa muongo huo, viliiacha kambi ikiwa imeporwa na kubomolewa. Watafiti walihamia mjini Ruhengeri, na kibanda cha mauti hakikujengwa tena. Kilichosalia ni misingi, vibao vinavyoonyesha nini kilikuwa wapi, na makaburi.

Carr naye aliondoka mwezi Aprili 1994, akarudi mwaka huo huo akakuta nyumba imeporwa. Akiwa na miaka 82, aligeuza ghala la kukaushia pareto kuwa nyumba ya yatima, akaiita Imbabazi. Alifariki Gisenyi Septemba 2006, na amelala Mugongo, katika bustani yake. Hivyo Karisimbi imezungukwa na makaburi ya Wamarekani watatu: Akeley upande wa Kongo, Carr upande wa Rubavu, na Fossey upande wa Musanze. Linalopata wageni wengi ni hilo la tatu, tena zaidi baada ya filamu ya mwaka 1988 ambayo Sigourney Weaver aliigiza sehemu yake.

Njia huanzia mashambani, katikati ya viazi na pareto, ikafika kwenye ukuta wa mawe uliojengwa kuwazuia nyati. Ukishapita ukuta, baridi huanza mara moja. Matope hufika kifundoni, pengine gotini. Igisura inawasha hata kupitia suruali, na wapagazi, ambao miongoni mwao wapo waliowahi kuwa wawindaji, huwapa wageni fimbo na kuwashika mkono penye utelezi. Baada ya saa moja na nusu au mbili mianzi na vichaka hufunguka, miti ya hagenia inatokea, na kijito kinasikika.

Makaburi yapo hapo, chini ya miti, zaidi ya ishirini, yakiwa na vibao vya mbao. La Fossey limezungushiwa mawe na lina bamba lenye jina lake, na juu yake lile jina la Nyiramacibiri. La Digit liko pembeni yake. Waongozaji husimulia kwa sauti ya chini, wageni hupiga picha, wengine hukaa kimya juu ya magogo wakila walichobeba.

Mara chache, makundi ya sokwe hupita uwandani hapo kutafuta majani. Kibali cha kaburini hakimruhusu mgeni kuwatazama. Wakitokea, mwongozaji huwarudisha watu wake nyuma, huwasimamisha mbali, na kungoja hadi wenyewe wapite.